Bi Povu, Wifi Yake na Wimbo wa Chumba cha Kufulia

Siku hizi wimbo ule ukipigwa, watu wazima wanasimama wima na wengine wanafuta machozi. Haya, wasimame, wafute. Lakini mtu asikudanganye kwamba ulitungwa na mwanamuziki aliyekaa mezani na kalamu yake. Ulitoka kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, katikati ya moshi wa kuni na harufu ya dawa, kinywani mwa mwanamke mmoja aliyekasirika. Na aliyemkasirisha wala hakuwa adui. Alikuwa wifi yake.

Walimwita Bi Povu. Wageni walidhani ni kwa ajili ya sabuni. Waliofanya naye kazi walijua ni kwa ajili ya mdomo. Alikuwa msimamizi wa wafuaji wakati ule askari wa kigeni walipoishika nchi, umeme ukakatika, mashine zikafa, na mashuka ya wodi zote yakarudi kufuliwa kwa mikono. Mumewe alikuwa ameingia msituni na wapiganaji. Alipoondoka aliwaambia mkewe na dada yake watunzane, na tangu siku hiyo kila mmoja aliamini kwamba yeye ndiye mtunzaji na mwenzake ndiye mzigo.

Waligombania kila kitu: ufagio ukae wapi, dirisha lifunguliwe saa ngapi, nani anampenda zaidi yule mwanamume asiyekuwepo. Wifi alipokosa kazi, Bi Povu akamwombea nafasi pale pale hospitalini. Alijuta siku hiyo hiyo.

Maana blanketi la hospitali likishalowa, jamani, ni zito kama mgonjwa mwenyewe. Mnalishika wawili, mmoja huku na mmoja kule, huyu anasokota kulia na yule kushoto mpaka maji yatoke. Mmoja akiteleza, linaanguka sakafuni na mnaanza upya. Na wifi alikuwa anaangusha! Mikono laini, macho juujuu. Asubuhi ile walikuwa wameamka wamenuniana, hawasemeshani, kwa hiyo Bi Povu akampelekea ujumbe wake kwa wimbo, akiwa amegeuza uso ukutani:

Shika kwako, nishike kwangu,
lisianguke.
Likianguka tumekwisha sote,
lisianguke.

Wifi naye hakuwa na simile. Akaupokea wimbo pale pale, akaongeza ubeti wake kuhusu watu wanaovuta kama wanavuta ng'ombe. Wafuaji wakacheka mpaka wakashika mbavu. Halafu wakaona jambo: mikono ilikuwa inakwenda pamoja, na blanketi halikuanguka tena. Kesho yake chumba kizima kilikamua kwa wimbo ule. Vijembe vikapungua kidogo kidogo, yakabaki maneno ya kushika tu.

Kulikuwa na bomba pana la kutupia mashuka machafu kutoka wodi za juu, na sauti ilipanda humo bila kizuizi. Wagonjwa wakaudaka. Wauguzi wakaenda nao nyumbani. Muda si muda foleni ya maji inauimba, mafundi juu ya mapaa wanauimba, na hakuna aliyewaza blanketi tena. Watu walikuwa wamechoka kunyamaza. Walisikia lile neno "lisianguke", na kila mmoja akajua moyoni mwake anashikilia nini.

Askari nao si viziwi. Amri ikatoka: wimbo marufuku, na aliyeutunga atafutwe. Bi Povu, na mdomo wake wote ule, akaufunga. Aliogopa, tusifichane. Wafuaji nao wakawa wanakamua kimya kimya. Asubuhi moja askari wakashuka mpaka chumba cha kufulia, wakamkuta wifi anauimba puani, mazoea tu, mikono imo ndani ya povu. Wakamchukua vile vile, aproni inachuruzika maji.

Bi Povu alibaki ameshika upande mmoja wa blanketi. Angemwambia nini mumewe? Alikwenda kwenye lango la kambi, wakamfukuza. Akaenda tena, wakamwelekezea bunduki. Nyumbani aliukuta ufagio umekaa pale pale alipokuwa akigombea ukae, na hakuna wa kuuhamisha, akalia kwa kwikwi. Kilichomuuma zaidi ni kwamba anamlilia mtu yule yule aliyekuwa akiomba ahame.

Kulipokucha aliwakusanya wafuaji, akawaambia kwamba leo hawakamui wala hawaaniki. Majeruhi wa hao askari nao walilazwa hospitali ile ile, wakilalia mashuka yale yale. Basi walale bila mashuka. Wanawake wakatazamana, wakapiga moyo konde, wakatoka uani wawili wawili, kila jozi na blanketi lake linalotiririka maji. Bi Povu akafumba macho, akauanzisha wimbo kwa sauti yake yote.

Madirisha ya juu yakafunguka. Wagonjwa wakapokea, hata wale wasioweza kuinuka vitandani. Ng'ambo ya ua foleni ya maji ikapokea, kisha mtaa, kisha mtaa wa pili. Ofisa alipofika na watu wake, wimbo ulikuwa umemzunguka pande zote, na hakujua amkamate nani. Akauliza wanataka nini.

Bi Povu akamjibu, "Namtaka wifi yangu. Blanketi halikamuliwi na mtu mmoja."

Ofisa alifoka, akatisha, akaondoka. Lakini mchana majeruhi wake walikuwa wanapiga kelele juu ya magodoro matupu, na mji wote ulikuwa bado unaimba. Mchana huo huo lango la kambi likafunguka. Wifi akatoka anachechemea, pekupeku, uso umevimba, na mtaa mzima ukapiga vigelegele. Bi Povu alimkimbilia, akamkumbatia katikati ya barabara, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane.

Wakiwa njiani wifi akasimulia. Walimtaka ataje jina tu, jina moja, aende zake. "Nikawaambia nimeutunga mimi," alisema. "Wakauliza ni kitu gani hicho kisianguke. Nikasema blanketi. Wakadhani nawatania, wakanipiga."

"Kwa nini hukunitaja mimi?"

"Nikutaje, halafu nyumbani nigombane na nani?"

Wale askari waliondoka hatimaye, tena wakisindikizwa na wimbo ule ule mpaka mpakani. Mume akarudi amekonda, akawakuta wanabishana kuhusu dirisha. Nchi ilipochagua wimbo wake wa taifa, hakuna aliyehangaika kutafuta mwingine. Mtangazaji wa redio akaja pale hospitalini na kinasa sauti chake kumtafuta mtunzi, na wafuaji wote wakamwonyesha msimamizi wao.

Bi Povu akafuta mikono kwenye aproni, akamsukuma wifi yake mbele. Wifi, bila haya hata kidogo, akaweka kilemba sawa na kuanza kusimulia, na chumvi aliitia ya kutosha. Mfuaji mmoja akamnong'oneza Bi Povu kwamba anaibiwa mchana kweupe.

"Nyamaza," Bi Povu akamwambia. "Alisema ni wake mahali ambapo hakuna mwingine angesema."