Magunia Tuliyosuuza Ziwani

Mwezi uliopita nilirudi Kapata, mtaa wetu wa Kolwezi, kwa kilio cha shangazi, na kabla sijaiona nyumba yetu, pua iliniambia nimefika. Harufu ile, rafiki yangu, unaijua kama umewahi kusahau sombe, yale majani ya muhogo, kwenye sufuria siku tatu. Ziwa dogo la nyuma ya kiwanja cha mpira lilikuwa kijani tena, zito kama uji.

Zamani ziwa hilo lilitulisha. Tulilowesha mihogo ukingoni, tukavua kwa chandarua visamaki vya urefu wa kidole, na bibi, ambaye mtaa mzima ulimwita nkambo, alitugombeza tukitema mate majini. Mishahara ya kampuni ya migodi ilipokatika, kila nyumba ikalima mboga kando ya maji. Sisi tulikuwa na lengalenga, aina ya mchicha, na kabichi, na mbolea nyeupe ambayo bibi aliinyunyiza bila ubahili hata kidogo. Pampu ya maji machafu nayo ikafa, na mtaro wa vyoo ukajitafutia njia hadi ziwani. Hakuna aliyeuliza. Mboga zilistawi, nasi tulikuwa tukila.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa mama wa Kikasai, mke wa dereva wa kampuni. Bibi alipochelewa bustanini, ugali wetu wa bukari nilikula kwake. Kisha yakaja yale maneno ya wakubwa wa serikali: watu wa mkoa wa Kasai warudi kwao. Sikuelewa. Mama yule alizaliwa Kolwezi kama mimi. Kwao kulikuwa mlango wa pili. Wakapewa siku tatu kuhama, wakangoje treni stesheni.

Alikuja kwetu kuomba kitu cha kufungia nguo. Bibi akampa magunia manne matupu ya mbolea, huku akilia. "Beba, mama. Lakini uyafule kwanza, mbolea itaharibisha nguo." Tukaenda ziwani mchana kweupe, mimi na yeye. Tukayakung'uta, tukayasuuza, punje nyeupe zikazama. "Mwana yangu," akaniambia, "unichungie kuku yangu. Tutarudia."

Siku chache baadaye, wakiwa bado stesheni, maji yakageuka kijani na samaki wakaelea tumbo juu. Wanaume wa mtaa wakaja mlangoni kwetu na fimbo.

"Nkambo, Bakasai balitia dawa mu mayi. Ule jirani yako, ulimuona?"

Nilingoja aseme magunia yalikuwa yetu. Bibi akazitazama fimbo, akanitazama mimi.

"Nilimuona," akasema. "Alimwanga kitu ya mweupe."

Wakashika njia ya stesheni. Nilikuwa na mdomo, sikuutumia. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, bibi mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo, na siku ile sikujua tena msemo ule ulimhusu nani. Alimwogopa nani? Au aliniogopea mimi? Treni iliondoka, na sijui hadi leo kama wale wanaume walimkuta mama yule kabla haijaondoka. Kuku wake tulimchinja Noeli. Bibi hakugusa nyama.

Miaka ikapita, na mwalimu wa biolojia akatueleza kwamba kijani kile ni mimea midogo mno isiyoonekana mmoja mmoja. Hunenepa kwa mbolea na uchafu wa vyoo. Ikifa na kuoza humaliza hewa ya majini, na samaki hukosa pumzi. Nikayafikiria magunia yetu manne, ambayo mbolea yake ilikwisha kumwagwa bustanini kabla hatujayasuuza. Masalio yake hayakutosha kuchafua hata kona moja ya ziwa. Ziwa tulilinenepesha sote, mboga kwa mboga. Niliona haya, na sikumsikia tena mwalimu.

Safari hii nilimkuta mama mmoja ukingoni, akisogeza utando kwa kiganja apate kujaza ndoo. Aliniona mgeni, akanihurumia.

"Hii mayi ilikuwaka muzuri," akasema. "Ni Bakasai balitiaka dawa, wakati ya kuenda."

"Hapana, mama. Ni siye."

Akanipima toka viatu hadi kichwani. "Siye banani?"

Nikainua mkono nimwonyeshe nyumba yetu. Mkono ukabaki hewani, maana bustani zilizunguka maji pande zote, na sikujua nianzie wapi.