Siku Niliyokubali Kuwa Mwenza wa Mkwe Wangu

Nesi aliponiuliza, "Mzee, wewe ndiye mwenza wake?" nilipaswa kusema hapana. Naona aibu kuyaandika haya, lakini nusu ya watu wa kwetu Kirua Vunjo wameshayasimulia vibaya kuliko yalivyokuwa, ingawa hata nikiyasimulia mwenyewe hayapendezi.

Mkwe wangu Ndeshi alikuwa na mimba yake ya kwanza, mumewe, mwanangu Aloisi, yuko Dodoma kwenye ujenzi, na mke wangu alikuwa ameteremka Mabogini kuvuna mpunga, hivyo nyumbani tulibaki wawili, tukikaa kwa adabu, yeye jikoni, mimi barazani. Asubuhi hiyo nikamkuta shambani ameshikilia mgomba kwa mikono miwili.

"Ndeshi, kuna nini?"

"Migomba inazunguka, baba."

Midomo imepauka, miguu haina nguvu, na mtori wa ndizi niliompikia (siyo mtori wa kusifiwa, nakubali) ulimshinda. Niliogopa. Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na mimi Ndesario nilikuwa nimeshaamua kwamba aliyemo tumboni ni wa kiume, nikawa namwita kwa jina langu kimoyomoyo.

Nikaomba gari la jirani tukateremka mjini, kituo cha afya. Foleni ilianzia mlangoni ikaishia kwenye bomba la maji. Ndeshi akakaa chini, kichwa magotini. Nesi akatoka akatangaza, "Aliyekuja na mwenza wake aje mbele, anahudumiwa kwanza!" na ndipo akaniona, mwanamume pekee pale, nimeshika pochi ya mwanamke, akaniuliza lile swali. Nikamtazama Ndeshi, nikaitazama foleni.

"Nimekuja naye, ana kizunguzungu," nikasema (na hilo ni kweli tupu).

Nilidhani tutaingia, apimwe, tutoke. Kumbe nesi alikuwa anatafuta mtu wa kutolea mfano. "Akina mama, mnamwona mzee huyu? Na umri wote huu kamsindikiza mwenzake! Vijana wenu wako wapi?" Wakapiga makofi. Nikavua kofia. Mpaka leo sijui kwa nini nilivua kofia. Ndeshi akajifunika uso kwa kanga kwa aibu, nesi akasema mnaona, ndicho kizunguzungu chenyewe.

Ndani nikaulizwa, "Baba, asubuhi unampelekea kitu cha kutafuna kabla hajainuka kitandani?"

"Hapana, mimi siingii chumbani kwake."

Nesi akaweka kalamu chini. "Mnalala vyumba tofauti? Tangu lini?"

"Tangu aolewe," nikasema, nikapewa somo refu la upendo katika ndoa. Kisha akaeleza kwamba mama ainuke polepole, anywe maji ya kutosha, ale kidogo kidogo mara nyingi, mboga za majani na maharage, na asibebe mizigo. "Majani ya ng'ombe anabeba nani?" Alikuwa anabeba yeye, mimi nikiwa barazani.

"Sasa tupime damu, wote wawili. Ndio utaratibu."

"Baba, mwambie," Ndeshi akanong'ona. Nesi akatabasamu tu, maana wake wengi huwaita waume zao baba, na mimi nikaona nimeshachelewa kusema, nikanyoosha mkono. Ndeshi alichomwa wa kwanza, damu yake ikaonekana pungufu, akapewa vidonge vya kuongeza damu. Mimi tangu asubuhi nilikuwa na kikombe kimoja cha kahawa tumboni. Niliona sindano, halafu nikaona dari, na kilichotokea katikati nilisimuliwa. Nilianguka pamoja na meza ndogo, na Ndeshi, mgonjwa wetu, akakimbilia mlangoni akapiga kelele, "Jamani, baba mkwe wangu anakufa!"

Nilizinduka kwenye kitanda cha wajawazito, miguu juu, Ndeshi akinipepea kwa kanga, mlango mzima umejaa matumbo.

"Kasema baba nani?"

"Baba mkwe!"

"Tumekaa hapa tangu alfajiri, babu anatupita foleni kwa mgongo wa mke wa mwanawe? Na makofi tulimpigia!"

Nyuma yao ikatoka sauti niliyoijua. Ni Mama Joisi, kiongozi wa jumuiya yetu ya kanisani kule Kirua, amemleta binti yake. "Mzee Ndesario? Tumsifu Yesu Kristu."

"Milele na milele, amina," nikajibu, nikiwa chali.

Tulipofika nyumbani habari ilikuwa imeshapanda mlima. Vijana wa kilabu cha pombe ya mbege walisimama kwa heshima, "Shikamoo, baba kijacho!" Nikaitikia marahaba, ningefanyaje? Ndeshi alimeza vidonge vyake, akala alivyoelekezwa, majani ya ng'ombe nikakata mimi, na kizunguzungu kikapungua hadi akajifungua salama.

Aloisi akanipigia simu. "Baba, ni wa kiume."

"Ndesario!" nikasema.

Akashusha sauti. "Baba, watu bado wanacheka. Nikimpa jina lako, huyu mtoto atachekwa mpaka kipaimara chake."

Sikubishana. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo. Siku hizi mtu akiniuliza swali kwenye foleni, naanza na hapana, halafu ndipo namsikiliza.

Wananiambia nisubiri wa pili. Labda nitamkuta, labda sitamkuta. Mjukuu wangu wa kwanza haitwi jina langu. Anaitwa Elieza, jina la baba yake Ndeshi wa Old Moshi, ambaye siku ile alikuwa kwake anapalilia kahawa.