Kahawa Niliyotia Mfukoni

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa kuwaambia watu wasiwe na wasiwasi. Aliyenichagua hakuwahi kuniona nikifunga mlango. Mimi nikifunga mlango hurudi kuhakikisha umefungwa, kisha hurudi tena kuhakikisha kwamba katika kule kuhakikisha sikuufungua. Lakini nilikuwa na shahada ya sayansi ya mazingira, shati moja jeupe, na zaidi ya mwaka mzima wa kukaa kwa shangazi yangu Kitendaguro nikila ndizi zake na kumwambia majibu ya maombi yangu ya kazi yako njiani. Barua ya kazi ilipofika sikuuliza maswali mengi. Niliuliza kumi na moja tu.

Kiwanda chenyewe sitakitaja. Kiko kando ya ziwa, ukishaipita Kemondo ukielekea Muleba. Umeme ulikuwa ukikatika mno, wenyewe wakachoka, wakajenga mtambo wao mdogo wa kufua umeme kwa makaa ya mawe. Makaa yalishushwa bandarini Kemondo, yakapakiwa kwenye malori, yakachomwa, na moshi wake ukatokea kwenye bomba refu lililopakwa mistari myekundu na myeupe kama soksi ya mchezaji mpira. Kabla moshi haujafika juu ulipita kwenye mifuko mikubwa ya kuchuja majivu. Mifuko hiyo ilichanika. Ikachukua siku sita mpaka mtu akubali kwamba imechanika, na kwa siku hizo sita kijiji kilichoko juu ya kiwanda kilipokea masizi kwenye mabati, kwenye migomba, kwenye mashuka yaliyoanikwa na kwenye mikeka ya kahawa. Kisha mvua ikanyesha, ikaosha mabati yote vizuri kabisa, na maji yakaingia kwenye matanki ya watu.

Mtambo ukazimwa, mifuko ikabadilishwa. Ndipo nikaajiriwa mimi, kwa mkataba wa miezi mitatu unaoweza kuongezwa.

Meneja alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya kusomea taarifa ya habari. Alinipa bunda la karatasi zenye kichwa "Taarifa kwa Majirani". Nipite nyumba kwa nyumba, nisome, mwenye nyumba atie sahihi kwamba amesomewa na ameelewa. Sentensi iliyobeba mzigo wote ilikuwa moja: *Hakuna madhara yanayotarajiwa.*

"Watu wa huku wanasikiliza mtu wao," aliniambia. "Wewe ni wa Muleba, siyo?"

"Ijumbi."

"Safi kabisa. Na hili faili kaliweke kabatini."

Kumpa mtu kama mimi faili akaliweke kabatini ni kama kumpa mbuzi kamba ya mbuzi mwenzake amshikie karibu na mgomba. Nililisoma lote, pamoja na viambatisho. Ndani yake mlikuwa na orodha ya vitu vinavyoweza kusafiri na majivu ya makaa ya mawe: zebaki, risasi, aseniki, na vingine ambavyo nilivifanyia mtihani chuoni nikavisahau kwa furaha. Kiasi kilichoanguka kijijini katika zile siku sita hakikuandikwa popote. Kifaa cha kupimia nacho kilikuwa kimeharibika.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya bibi mmoja mjane aliyefundisha shule ya Jumapili kanisani kwao, Kilutheri, mpaka magoti yalipomstaafisha. Aliishi katikati ya kibanja chake cha migomba na mibuni, na pembeni mwa nyumba alikuwa na simtanki jeusi linalokinga maji ya bati. Tulisalimiana kwa Kihaya, salamu zile ndefu zinazomaliza kwanza habari za ng'ombe ambao huna.

"Wa wapi wewe?"

"Ijumbi, Bibi."

"Ijumbi kwa nani?"

Nikasema kwa nani. Akataja shangazi wa babu yangu ambaye hata mimi sikumjua. Kuanzia hapo nikawa mjukuu, na mjukuu aliyetoka mbali hapewi karatasi ya kusoma kabla ya kupewa akamwani. Kwa asiyejua, hizi ni kahawa zilizochumwa bado mbichi, zikachemshwa na majani yenye harufu nzuri, zikaanikwa mpaka zikakauka na maganda yake. Mgeni huwekewa chache kiganjani atafune. Kukataa ni kumwambia mwenye nyumba kwamba humwamini.

Bibi aliinuka akaenda kuzichota. Nilimfuata kwa macho. Alizichota mkekani, nje, chini ya lile bati.

Akarudi, akatia mbili mdomoni mwake kwanza, akatafuna mbele yangu. Ndiyo desturi. Mwenyeji hutangulia, mgeni aone kwamba hajatiliwa kitu. Kisha akanihesabia zangu nne.

Mtu mwingine angetafuna. Kahawa nne haziui mtu. Lakini mimi kichwani nilikuwa nimeshafika kiambatisho cha tatu. Nikapeleka kiganja mdomoni, nikatikisa taya, nikasema "mmh", na mkono ukashuka taratibu mpaka mfukoni. Nilikuwa na ujuzi huo tangu enzi za vidonge vya malaria.

Nikamsomea karatasi. Alisikiliza kwa makini kama mtu anayesahihisha.

"Sasa niambie. Maji ya tanki langu ninywe nisinywe?"

"Hakuna madhara yanayotarajiwa, Bibi."

"Hayatarajiwi na nani?"

Swali hilo halikuwa kwenye faili.

"Na kiwanda," nikasema.

"Mimi sikuuliza kiwanda kinatarajia nini. Kisima kiko kule bondeni, na magoti yangu haya unayaona. Ninywe nisinywe?"

"Bibi, kama unaweza kutia sahihi hapa..."

"Sahihi nitatia siku utakaponijibu. Nenda kwa wengine, kisha urudi."

Nikaenda kwa wengine. Kila nyumba walinipa akamwani, na kila nyumba nilitikisa taya. Walitia sahihi bila shida, na aibu yangu ilianzia hapo. Hawakutia kwa sababu ya karatasi, maana wengi hata hawakungoja niifikishe mwisho. Walitia kwa sababu kijana wa Ijumbi, msomi, wa kiwandani, alikuwa ameketi kwenye ua wao akitafuna kahawa yao. Kama yeye anakula, wao waogope nini?

"Unawafanyaje hawa watu?" Meneja aliniuliza kwa furaha. "Zimebaki sahihi chache tu."

"Ninakaa nao, Mzee."

Shangazi ndiye aliyeniuliza kwanza. Alichukua suruali yangu akaifue, ikatoa sauti.

"Baba, umeanza kulima kwenye suruali?"

Nikajieleza. Nilieleza vizuri sana, kwa hoja. Nikasema zile kahawa nilikuwa nazihifadhi kama sampuli, kwa ajili ya utafiti, na ili asione ninadanganya nikachukua bahasha na kuandika juu ya kila moja nyumba zilikotoka. Kazi hiyo ilinichukua mchana mzima wa Jumapili. Shangazi alikuwa akimenya ndizi.

"Na huo utafiti unapelekwa wapi?"

"Bado sijajua."

"Mh." Akamenya nyingine. "Wenye kahawa wamejua kwamba ni wewe tu usiyekula?"

Nilipanga kumwambia Bibi ukweli. Nilipanga maneno, nikayaandika kwenye simu, nikayapunguza, nikaona yamekuwa makali, nikayaongeza tena. Nilirudi kwake mara mbili. Mara zote mbili alitanguliza zake mdomoni, akanipa zangu, akauliza swali lake, nami nikajibu kwamba suala linashughulikiwa. Alikuwa akinitazama shavuni. Nilidhani nina uchafu.

Kisha ukaitishwa mkutano kwenye ofisi ya kijiji. Meneja alitaka kulifunga jambo lenyewe mbele ya mwenyekiti, kwa soda na maneno machache. Asubuhi ile nilipita kwa Bibi nikamshika mkono kumsaidia njiani, na kwa kuwa huwezi kumchukua mtu kwake bila kuingia ndani, nilipewa akamwani. Njiani majirani wawili nao wakanipa za kwao. Nilifika mkutanoni nikiwa na mfuko uliojaa.

Meneja alisema kwa ile sauti yake nzuri kwamba majirani wamesomewa, wameelewa, na zimebaki sahihi chache. Akaniita nifafanue kitaalamu. Nikasimama. Mbele yangu, mstari wa kwanza, Bibi alikuwa amekaa na fimbo yake kati ya magoti. Jasho likanitoka, nikaingiza mkono mfukoni kutafuta leso, nikaivuta.

Akamwani iliyokauka ni ngumu kama kokoto, na sakafu ya ofisi ile ni saruji. Ziliruka, zikadunda, zikatawanyika mpaka chini ya meza ya mwenyekiti. Moja iliendelea kubingirika peke yake muda mrefu, watu wote wakiitazama, mpaka ikasimama kwenye kiatu cha Meneja.

Mzee mmoja akainama akaiokota.

"Hii ni kahawa," akasema.

Na mimi, kwa akili zangu zote za chuo kikuu, nikasema, "Ni sampuli."

"Sampuli za nini?" Meneja akauliza.

Hapo ndipo nilipoona shimo nililojichimbia. Kama hakuna madhara yanayotarajiwa, sampuli za nini? Kabla sijajibu Bibi alikuwa ameshagonga fimbo sakafuni.

"Kwa hiyo mimi nimekula sampuli?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko.

"Na mimi nilimpa nne!" mama mmoja akapiga kelele kutoka nyuma. "Nne, na akasema tamu!"

"Tumbili huweka shavuni, huyu anaweka surualini!"

"Mkagueni na soksi!"

Mwenyekiti naye alikuwa ameficha uso nyuma ya daftari, mabega yakimtikisika. Meneja peke yake hakucheka. Bibi akainua mkono, kicheko kikaanza kutulia.

"Mwacheni. Mwanangu, ninywe nisinywe?"

Maneno yote niliyokuwa nimeyaandika kwenye simu yalinitoka.

"Usinywe, Bibi."

"Endelea."

Nikaendelea. Nikawaambia majivu yale yanaweza kubeba zebaki, risasi na aseniki. Kilichoanguka ni kiasi gani sijui, na kiwanda hakijui, kwa kuwa hakuna aliyepima. Inawezekana ni kidogo kisichodhuru, inawezekana sivyo. Mpaka maji yapimwe yasinywewe wala kupikiwa. Na kahawa iliyokuwa mikekani siku zile itupwe.

"Na hizi nilizokula mbele yako?" Bibi akauliza. Hakuuliza kwa ukali. "Nilitangulia kula ili wewe usiogope."

Nikainama kuokota kahawa zilizokuwa miguuni pake. Jibu la swali hilo ninalitafuta mpaka leo, kuliko nilivyowahi kutafuta kazi.

Watu wakaanza kuomba karatasi zao zirudishwe. Mama wa nne tamu alizikusanya mwenyewe kutoka mezani, akazipanga, akazitia kwenye mkoba wake. Meneja, niseme ukweli, hakupigana. Alimpigia mtu simu akiwa amegeukia dirisha, na kesho yake asubuhi boza la maji safi lilisimama njia panda. Wiki ile ile wakaja watu wa maji na chupa zao, wakachukua sampuli, safari hii za kweli, zikapelekwa Mwanza. Majibu yalisema baadhi ya matanki yamwagwe na yasuguliwe kabla ya kutumika tena. La Bibi lilikuwemo.

Ndiyo maana Jumamosi moja nilijikuta nimo ndani ya simtanki, nimekunja suruali, nina brashi na sabuni, mwangwi ukinigonga kichwani kila nikisema neno.

"Na pembeni kule!" Bibi alinielekeza kutoka nje. Alikuwa amewekewa kiti. Majirani walipita kuniangalia kama wanavyoangalia mnyama aliyeletwa.

"Nimesugua, Bibi!"

"Nitajuaje? Wewe mtu wa kutikisa taya."

Nikatoa kichwa kwenye tundu la juu.

"Ulijua tangu lini?"

"Siku ya kwanza. Anayetafuna akamwani shavu linacheza. Lako lilikuwa limekufa."

"Sasa mbona uliendelea kuniuliza?"

"Ulikuwa umeshanijibu. Siku ile ile ulipoondoka nilichukua ndoo nikashuka kisimani, na magoti yangu yalikutukana njia nzima." Akasogeza kiti kivulini. "Nilitaka tu unijibu kwa mdomo. Na pale karibu na bomba, sugua tena."

Mkataba wangu haukuongezwa. Barua ilinishukuru kwa mchango wangu, ikanikumbusha kwamba vitu visivyohusiana na kazi haviruhusiwi mifukoni saa za kazi. Nimeisoma mara nyingi kutafuta kama ilikuwa mzaha. Shangazi anasema ni mzaha. Amenirudisha kwenye kumenya ndizi.

Mibuni ilipozaa tena nilikwenda kumsalimu Bibi, kama mgeni tu, bila karatasi. Alikwenda mkekani, mkeka mpya, akarudi na kikapu. Akatanguliza mbili mdomoni. Akanihesabia nne. Nikazitafuna kwa nguvu zote, shavu likicheza mpaka likauma.

"Fungua mdomo."

Nikafungua.

"Toa mifuko nje."

Nikaitoa yote miwili, ikaning'inia kama masikio ya mbuzi. Aliridhika. Nikamwambia kitu kimoja bado kilikuwa kikinisumbua, na yeye akasema angeshangaa kama kingekuwa kimoja. Nikamuuliza zile kahawa alizozitanguliza mdomoni nilipokuja mara ya pili, na ya tatu, na asubuhi ya mkutano, alikuwa anazila ilhali ameshanigundua?

Bibi aliweka kikapu chini. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa gauni lake la kazi, akautikisa. Ulitoa sauti kama suruali yangu.