Kabati la Kwenda Kaskazini

Januari hii, rafiki yangu, nilikuwa nafuta vumbi kwenye kabati la marehemu Mama, hapa kwangu kaskazini, nikaona mstari mweupe mlangoni mwake. Mwembamba kama uzi, pale ubao wa katikati unapoingia kwenye fremu. Nikakaa chini na kitambaa mkononi. Kampala, miaka yote ile, mstari huo hatukuuona hata siku moja.

Tuliishi kwenye kota za askari, upande wa Mbuya. Asubuhi ilianza na filimbi za gwaride, halafu harufu ya chai ya tangawizi kila mlango. Kazi yangu ilikuwa kuteremka kwa fundi seremala, njia ya Nakawa, kuokota maranda ya kuwashia sigiri. Maranda ya mvule yalinukia vizuri, ila moshi wake uliuma macho.

Baba alipotaka kabati, tulienda wote. Fundi akauliza kama alivyomuuliza kila mteja: "Litakaa wapi?"

"Nyumbani, kaskazini," Baba akasema.

"Hapa hapa Kampala," Mama akasema, papo hapo.

Fundi akacheka. "Afande, mbao inataka jibu moja. Hapa kuna mvua, inavimba. Kule jua ni kali, ssebo, inakonda."

"Kaskazini," Baba akarudia.

"Basi wewe enda na kabati yako," Mama akasema. "Mimi nitabaki na sahani."

"Sahani utaweka wapi?"

"Kwa kichwa! Bibi zangu walibeba mizigo kushinda hiyo."

Sitaki kumpendelea mmoja. Mama alikuwa mjukuu wa wale askari wa zamani kutoka Sudan. Alizaliwa Kampala, na watu wake wote walikuwa hapo, na msikiti wake. Baba aliacha kwao mama mzee na kiwanja. Kila mmoja alikuwa na haki yake.

Fundi alilijenga la kaskazini. Ubao wa katikati hakuutia gundi wala msumari. Aliuchomeka kwenye mfereji wa fremu, ukaingia ndani sana, ili ukikonda usichomoke, na bado akaacha nafasi ya kuvimba. "Kule mtaona mstari mweupe hapa, ambapo vanishi haikufika," alisema. "Msiogope. Haijaharibika."

Tangu hapo, kila kiangazi Baba alipitisha kidole kwenye ule mlango. Hakuna kitu. Mama, akipuliza sigiri, alimtania: "Bado, Mzee. Mbao imekataa uhamisho." Baba alicheka. Mwaka mwingine hakucheka.

Alistaafu, akasema tusubiri kwanza watoto wamalize shule. Mimi mwenyewe sikufika mbali, lakini wadogo zangu walimaliza. Halafu akaugua, akafia Kampala, tukamleta huku, nami nikabaki. Mama alikuja kumzika, akalia na sisi, akarudi kwenye kabati lake. Ndugu wengine walisema amemtupa. Naweza kuwa nakosea mengine, hili hapana: kila nilipomtembelea mwezi wa kwanza, nilimwona akipitisha kidole mlangoni, akidhani niko jikoni.

Naye akaondoka. Watu wake wakamzika siku ile ile, Kampala, na kabati nikalileta huku. Kota zimevunjwa, na kwa fundi sasa wanauza makabati ya mbao za unga wa msumeno uliogandishwa, yanayooza maji yakiyagusa. Wanangu hawajui Kiswahili kile cha kota. Nikitania kama Mama, wananitazama tu.

Tulitimiza alichoomba kila mmoja. Baba yuko hapa nyuma ya jiko. Mama yuko kule, safari ya basi kutwa nzima. Sidhani tulimkosea yeyote. Ila tuliwauliza pa kuzikwa mmoja mmoja, kila mtu kitandani kwake, akiwa mgonjwa. Hatukuwahi kuwauliza wakiwa wamekaa pamoja, wazima, chai mbele yao. Labda wangebishana, wakacheka, na mmoja wao angekubali.