Nilivyojikoboa Tumbo

Mama zangu na dada zangu wa jumuiya, hasa ninyi wajawazito, nimeomba kusimama mbele yenu. Mnajua mdomo wangu haukai kimya, basi leo nautumia kwa faida.

Mimi Fortunata wa hapa Kibaoni nilikuwa mtu wa kujipenda. Wakati wa palizi kule bondeni, wanawake huwa tunaoga pamoja kijitoni. Kabla sijazaa nilikuwa wa kwanza kuvua na wa mwisho kuvaa. Nilikuwa naringa, sikatai.

Mimba ya mwanangu Gaudensi ilinitanua sana. Baada ya kujifungua tumbo likabaki na michirizi ya rangi ya zambarau, kuanzia kitovuni hadi mapajani, tena inawasha. Nikijitazama, nalia. Nikaanza kumkwepa mume wangu Sevelini, nabadilisha nguo nimempa mgongo, naye akidhani ni uchovu wa kulea. Hakuna mtu aliyenisema hata neno moja. Nilijisema mwenyewe.

Siku moja nilikuwa mashineni nakoboa mpunga. Wasichana pale walikuwa wanasifia pumba laini, kwamba ukijisugua nazo uso unang'aa. Nikaitazama mashine inavyouvua mpunga ganda, unatoka mweupe. Nikasema moyoni, na mimi nitajikoboa. Tena sikuchukua zile laini. Nilichukua maganda yenyewe, yale makali, maana michirizi yangu niliiona sugu.

Kila asubuhi nilijisugua, kisha nikapaka mkorogo niliouziwa katika kikopo kisicho na lebo. Uliunguza, nami nikafurahi nikidhani unafanya kazi. Ngozi ikawa nyembamba, inang'aa, mahali pengine imechubuka. Katika hali hiyo nikaenda kupalilia, na siku nzima nguo yenye maji ya jaruba la mpunga ilikuwa imenigandia tumboni.

Siku ya tatu baada ya palizi hiyo tumbo lilivimba, likatoa malengelenge, yakapasuka yakatoa usaha wenye harufu. Homa ikanitetemesha. Gaudensi alikuwa na miezi minne. Nikimpakata anyonye, kamguu kake kakigusa tumbo napiga kelele, naye anashtuka na kuliachia ziwa. Mama yangu ilibidi aje kutoka Sanje. Akawa anamshikilia mtoto ubavuni mwangu anyonye, huku mimi nimelala kama gogo. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Sikuwaza urembo tena, niliwaza kama nitawahi kumbeba mwanangu.

Sevelini alikodi bajaji, yeye na mama wakanipeleka hospitali. Daktari, mama mpole, akaniuliza nilipaka nini. Nikajibu sikupaka kitu. Mama yangu akanitazama.

"Fortunata, sema ukweli. Mtoto anataka kunyonya."

Nikasema yote, mpaka maganda. Daktari hakunicheka.

"Mama, michirizi haikuwa ugonjwa," alisema. "Ngozi ilitanuka haraka, ingefifia yenyewe taratibu. Ugonjwa ni huu uliojitengenezea."

Akanieleza kwamba ningechelewa zaidi, sumu ya vidonda ingeingia kwenye damu, na mtoto angelelewa na bibi yake. Nililazwa siku sita, sindano na kusafishwa vidonda, dawa zote wakichagua zisizomdhuru anayenyonya. Kile kikopo kilitupwa. Kwa muwasho, vidonda vilipopona, nilipewa mafuta mepesi yasiyo na manukato. Nilipouliza dawa ya kufuta michirizi yote, daktari akasema hana, na anayeniahidi hiyo ananidanganya.

Nyumbani nikamwungamia Sevelini sababu ya yote. Alikuwa anafua nepi.

"Michirizi?" akasema. "Mbona nimeiona tangu una mimba ya miezi saba."

Akaendelea kufua. Nilicheka hadi vidonda vikauma.

Namshukuru Mungu, nawashukuru daktari na manesi, namshukuru mama yangu aliyeniambia niseme. Ninyi wenzangu, ngozi ikiwasha au ikiwatia hofu, nendeni kliniki, waonyesheni wenye kazi yao. Msipake msichokijua, na mkiulizwa mmepaka nini, jibuni. Aibu yangu nusura imwachishe mtoto ziwa.

Sasa Gaudensi anakaribia miaka mitatu. Michirizi imefifia, imekuwa ya rangi ya majivu, na karibu na kitovu pana kovu litakalobaki. Nikijilaza mchana, huja na kizibo cha soda, akakiendesha juu ya tumbo langu akifuata mstari mmoja mmoja, anaunguruma kwa mdomo. Jana alikisimamisha kwenye kovu. Nikamuuliza gari limeharibika? Akasema hapana, linapumzika, linakwenda Sanje kwa bibi.

Kisha akanitazama usoni, akauliza kama naumia.

Nikamwambia endesha tu baba, mama haumwi tena.