Fundo Linalokubali Kufunguka

Siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu. Nilikuwa kijana mvuvi pale Kivukoni, kabla daraja halijajengwa mtoni. Niliufunga mtumbwi wa mjomba kwa fundo juu ya fundo, kamba fupi, nikaenda zangu nikijisifu. Mvua ikanyesha milimani, mto ukapanda, kamba ikaung'ang'ania mtumbwi hadi ukanywa maji. Mjomba, mtu wa kucheka hata akiwa na hasira, akasema, “Wewe! Fundo zuri linashika, na likiombwa linafunguka.” Masikio nilikuwa nayo, ila ya kuzuia kofia isishuke.

Sasa juzi kitindamimba wangu, mvuvi, kaoa binti wa wakulima wa Katindiuka. Harusini wavuvi wakakaa huku, wakulima kule, katikati wanapita kuku tu. Mama wa bibi harusi akanijia: “Baba, kama hamtutaki, tunarudi na binti yetu.”

Nikaamuru wakae hivi: mvuvi, mkulima, mvuvi, mkulima, na asiinuke mtu! Wakaganda kama ugali wa jana.

Mjukuu wangu Esta, anayesoma kemia chuoni, akacheka. “Shikamoo Babu, lakini haya ndiyo yanayonitesa kwenye kompyuta!”

Anaigiza humo minyororo ya aina mbili isiyopendana, midogo isiyoonekana kwa macho, kama ile inayounda plastiki. Ina vishikizo. Vikishika kidogo mno, kila aina inajitenga, kama mafuta na maji. Visipoachia kabisa, inagandiana ovyo palepale ilipokutana. Vikishika na kuachia, kwa joto la kiasi, inajipanga yenyewe, mstari wa hii, mstari wa ile.

“Kwa hiyo?”

“Waache waachiane, Babu. Halafu wapashe moto kidogo.”

“Kwa kuni?”

“Kwa ngoma!”

Ngoma ikalia. Shika mkono, zunguka, achia, shika mwingine. Mwanzo ilikuwa fujo, shemeji yangu kakanyagwa mpaka kandambili ikakatika. Kisha, bila amri ya mtu, safu ya wavuvi ikasimama, safu ya wakulima ikaikabili, tena wavuvi, tena wakulima, wakipokezana wimbo. Na mama wa bibi harusi? Alikuwa katikati, jasho linamtiririka, anauliza ubwabwa unaiva lini.

Mwanangu, mtu humfungi kama mtumbwi. Mshike kwa namna ambayo hata akiachia leo, kesho mkono wake utautafuta wako. Na yakiharibika, usiongeze fundo, ongeza ngoma. Mungu akupe mikono mepesi, na nyumba yenye watu waliokuja wenyewe.

Haya, na mimi nakuachia. Samaki hawaningoji.