Mjomba Analipwa Kusimama

Kwetu Salale kila mtu ana kazi inayoonekana. Mkata mikoko ana sugu mabegani. Mvuvi wa kamba ananuka kamba hata siku ya Idi. Bibi yangu analima mpunga, na kiuno chake kinatoa ushahidi kila anapoinuka. Mjomba wangu peke yake ndiye aliyekuwa na kazi isiyo na sugu wala harufu: alilipwa na kampuni moja ya bandarini Mombasa, huko Kenya, asimame mbele ya goli na kuzuia watu wasipite.

Kwenye karatasi za kampuni aliandikwa mpagazi wa ghala. Gunia hakuwahi kuligusa. Mzungu wake alikuwa na ugomvi wa mpira na Mzungu wa kampuni ya jirani, na kwa kuwa Wazungu hawapigani ngumi mbele ya watu wanaowatawala, kila mmoja alijinunulia watu kumi na mmoja wa kumpigania. Mjomba akanunuliwa awe fulbeki wa kushoto.

Aliporudi likizo mwaka jana alikuwa amebadilika. Alisema "ndia" badala ya "njia" na "mato" badala ya "macho". Tope la nyumbani kwao alilikanyaga kwa ncha za vidole, kama paka aliyemwagiwa maji. Tena alizunguka kijijini ametundika shingoni viatu vyake vya njumu, kamba zimefungwa pamoja, kimoja kulia kimoja kushoto.

"Mjomba, hao pweza unauza?" nikamuuliza. Kwetu mpwa ana ruhusa ya kumtania mjomba wake na mke wa mjomba, na mimi ruhusa hiyo naitumia mpaka inachanika.

"Viatu hivi vimekanyaga watu ambao wewe hata kuwaamkia hustahili."

"Basi vivae. Na sisi tunataka kukanyagwa."

"Vitachafuka," akasema, akaenda zake kwa ncha za vidole.

Aliyekuwa mashakani hasa si yeye, ni mkazamjomba, yaani mke wake. Alikuwa binti wa Dimani, huko juu kwenye ardhi kavu, na kwa misimu mitatu alikuwa kwa bibi yangu akimngoja mume anayetuma kanga na salamu. Safari hii mjomba alitaka kuondoka naye kwenda Mombasa, na yeye alitaka kwenda kuliko alivyotaka kula. Lakini wazazi wake walikuwa wamesikia huko juu kwamba mkwe wao hana kazi, anacheza. Wakateremka kwa mtumbwi, wameshika kingo kwa mikono miwili, na neno lao lilikuwa moja: wataitazama hiyo kazi. Ikiwa ni kazi, binti aende na mumewe. Ikiwa si kazi, arudi nao Dimani kwa mtumbwi ule ule, na talaka itamfuata huko huko.

Baba mkwe alimhoji barazani kwa bibi. Mama mkwe alikaa upande wa pili wa ukuta wa makuti, kwa heshima, akatafuna tambuu na kusikia kila kitu.

"Mwanangu, kazi yako hasa ni nini?"

"Nazuia, baba."

"Unazuia nini?"

"Mpira usiingie."

"Usiingie wapi?"

"Golini."

"Golini mna nini?"

Mjomba akafikiri. "Hamna kitu, baba."

"Kwa hiyo unazuia watu wasiingie mahali pasipo na kitu."

"Ndiyo, baba."

"Na Mzungu anakulipa."

"Analipa, baba."

Mzee akatikisa kichwa. "Hawa watu watatutawala mpaka lini," akasema, "na akili zenyewe ndizo hizi."

Nyuma ya makuti mama mkwe akatema. Ikaamuliwa kwamba maneno hayatoshi, mpira upigwe kesho yake.

Uwanja wetu haupo siku zote. Maji yakikupwa unatokea, yakijaa unaondoka. Magoli ni boriti za mikoko, moja upande wa baharini, jingine upande wa mikokoni, na mechi huisha maji yanapofika katikati, awe anashinda nani. Refa alikuwa karani wa Bwana Miti, yule anayegonga nyundo boriti zilizolipiwa ushuru, kwa sababu ndiye mwenye filimbi. Mabao hakuyajali sana. Mtu aliyezoea kuhesabu boriti ishirini ishirini, mabao matatu kwake ni vijiti.

Salale walicheza na wakata mikoko wa kambini. Wale wa kambini walipungukiwa mtu, wakanichukua mimi, winga wa kulia, maana yake uso kwa uso na mjomba. Wakwe waliketishwa juu ya rundo la boriti. Mama mkwe alijifunika kanga kichwa kizima ili asimwone mkwewe miguu wazi, akaacha jicho moja. Hakuwa na sababu ya kuhangaika. Kaptura ya mjomba ilifika chini ya magoti, na soksi zilipanda kuilaki.

Na alivaa njumu. Watu wa timu yake walimtazama miguuni, wakatazamana. Mtu aliyezaliwa Salale kuingia topeni na viatu ni sawa na kuingia msikitini na mbuzi. Lakini nani amwambie mtu wa Mombasa? Filimbi ikalia, mjomba akapiga hatua mbili tatu za madaha kwenda mahali pake kushoto, akasimama.

Akasimama kweli kweli. Mpira ulikwenda huku, yeye yupo. Ukaja huku, yeye yupo. Wale wa kambini walikuwa wamesikia kwamba huko Mombasa alimvunja mguu mchezaji wa timu ya forodha, habari iliyoenezwa na mjomba mwenyewe, kwa hiyo hakuna aliyepita kwake. Wote walimiminika upande wa fulbeki wa kulia, kijana mmoja mpole, muuza nazi, wakampitia kama nguruwe wanavyopitia mihogo. Bao la kwanza. La pili. La tatu. Mjomba akanyoosha mkono wa kushoto, akanyoosha wa kulia, akapiga kelele, "Mshike huyo! Rudi nyuma!" Alicheza kuanzia kiunoni kwenda juu.

"Huyu ni nyapara?" baba mkwe akauliza.

"Ni fulbeki, baba," mkazamjomba akasema.

"Mbona hatoki pale?"

"Ndipo mahali pake, baba."

"Hata mbuzi aliyefungwa huzunguka kamba yake," mzee akasema, akafumba macho.

Nilimwona mkazamjomba akitazama mtumbwi wa wazazi wake uliolala topeni, ukingoja maji.

Refa alipopuliza mapumziko, wachezaji wote walitoka isipokuwa mmoja. Mkazamjomba akachukua kata ya maji kana kwamba anampelekea mume, akanivuta mkono, tukaenda.

"Toka basi, ukae," akamwambia.

"Niko vizuri hapa hapa."

"Mume wangu, toka."

"Sitoki. Nafikiri."

Nikatazama chini. Miguu iliishia kwenye soksi. Viatu havikuwapo duniani. Alikuwa amesimama pale ambapo tope halina chini, mahali ambapo hata mtoto wa miaka mitano wa Salale hupazunguka, na kila alipojaribu kuchomoa mguu, mguu ulikuja, kiatu kikabaki.

"Mjomba," nikasema, "umeota. Msimu ujao tutakukata, karani akugonge nyundo."

"Viatu ni vya kampuni," akasema kwa sauti ndogo, na safari hii kwa Kiswahili cha nyumbani. "Nikivua hapa, wakwe wataniona nachimba tope kama mtafuta kaa."

Mkazamjomba hakucheka. Aligeuka akawapa wazazi wake mgongo, akaitandaza kanga yake kama anajipepea, na nyuma ya pazia lile mimi nikapiga magoti nikachimba kwa mikono. Mguu wa kulia ulitoka na kiatu chake. Wa kushoto ulitoka peke yake. Nilizamisha mkono mpaka begani, nikapata konokono.

"Acha," mkazamjomba akasema. "Na wewe nisikilize. Kipindi hiki usikimbilie kwa yule muuza nazi. Njoo kwa mjomba wako, kila mara. Baba yangu anataka kuona kazi."

"Atanivunja."

"Atakuvunja kidogo. Maji yakijaa wale wanaondoka, na mimi nimo mtumbwini. Unanisikia?"

Hapo nilitaka kutania, nikamwona macho, nikaona ruhusa imekwisha.

Kipindi cha pili mjomba alicheza pekupeku, na hapo ndipo nilipomkumbuka mjomba wangu wa zamani. Goli lake sasa lilikuwa la baharini, yeye amekaa kwenye tope gumu, na mimi nikaenda na mpira. Sikuona alipotokea. Niliona mikoko, kisha mbingu, kisha mikoko imepinduka. Nilipotema tope nilisikia kule kwenye boriti baba mkwe ameamka.

"Aa," akasema. "Hiyo sasa."

Nikaenda tena. Akaniinua tena. Mara ya tatu nilijaribu kumwambia, "Mjomba, polepole, ni mimi," akanijibu, "Najua ni wewe," akanitupa karibu na refa. Nadhani wale pweza walikuwa bado wanamuuma. Karani akanitazama nilivyolala, akasema boriti zilizonyooka kuliko mimi huwa anazikataa.

Baba mkwe alikuwa amesimama wima, anamweleza jirani yake kazi ya mkwewe. "Unaona? Yule mwembamba hapiti. Kila akija anatupwa. Kazi ngumu hii."

Maji yalikuwa yameanza kuingia, yanafika kwenye vifundo. Safari ya nne sijui shetani gani alinishika. Mjomba alikuja na mguu, mimi nikaupitisha mpira katikati ya miguu yake, nikapita. Mbele yangu goli tupu, golikipa ameteleza yuko chali. Nikaupiga mpira. Nikamwona mkazamjomba ameweka mkono kinywani.

Mpira ukaenda hatua chache juu ya maji, ukapunguza, ukasita, ukaanza kurudi. Maji yanayojaa hutoka baharini, yalikuwa yakiusukuma mbali na lile goli. Mjomba hata hakukimbia. Alisimama nyuma yangu, mikono kiunoni, mpira ukampitia mpwa wake ukaelea mpaka kwenye miguu yake, akauokota. Filimbi ikalia, maji yamefika katikati. Sisi wa kambini tuliwashinda Salale matatu bila, na mshindi mimi ndiye niliyekuwa nachechemea.

Mtumbwi ulikuwa umekwisha kuelea. Mpiga pondo akawahimiza wakwe. Baba mkwe akasimama na maji miguuni, akatoa hukumu.

"Nimeiona kazi. Kipindi cha kwanza sikuelewa, nilidhani tumemwoza binti kwa mlingoti. Lakini kipindi cha pili mtu ametupwa mara tatu. Kutupa watu namna ile lazima kulipwe."

"Wewe ulilala kipindi cha kwanza," mama mkwe akasema ndani ya kanga.

"Sikulala. Hapakuwa na cha kutazama."

"Ndiyo kazi yenyewe. Mimi kila msimu naishi juu dunguni nalinda mpunga wako. Siku nikipiga kelele mpaka sauti ikauke, nikirusha mawe kwa teo mpaka bega lining'inie, ujue ndege wamekwisha kula. Siku nikilinda sawasawa, hakuna kinachotua, na wewe unapita chini unauliza, 'Mama, umelala?' Umeniuliza hivyo au hukuniuliza?"

Mzee akautazama mtumbwi.

"Nimekuuliza, umeniuliza hivyo?"

"Mara moja."

"Kila siku. Sasa mimi nimemtazama yule kijana tangu mwanzo. Alisimama mahali pamoja, hakutikisika, na wakata mikoko wazima walipita mbali wakitetemeka. Huyo ni mlinzi. Kule kutupana kwa baadaye alifanya kwa ajili ya wanaume, maana wanaume bila vumbi hawaoni." Akamgeukia binti yake. "Nenda Mombasa. Mwenye kujua kukaa mahali pake hakimbii nyumba."

Nilifungua mdomo. Nakiri neno lilikuwa tayari ulimini, neno zuri kabisa, lenye tope na kiatu ndani yake. Mkazamjomba, huku ameinama kumbusu mama yake mkono, akanikanyaga kidole ambacho mjomba alikuwa amekwisha kukikanyaga. Nikafunga.

Mtumbwi ukaondoka na watu wawili, kama ulivyokuja. Siku chache baadaye mjomba na mkewe wakaondoka na jahazi la boriti, yeye ametundika shingoni kiatu kimoja. Bibi alipouliza kingine kiko wapi, akasema kimetangulia.

Habari za Dimani ninazipata hapa shuleni Kibiti, kutoka kwa wenzangu wa bwenini waliotoka huko. Wanasema msimu huu mama mkwe amewakataza wajukuu wake kelele na teo. Amewasimamisha mpungani, mmoja kila pembe, wasitikisike, kama fulbeki wa Mombasa. Ndege wamekula vizuri sana. Yeye anasema kosa ni la watoto, hawana uso wa kutisha.

Kiatu cha kushoto nilikiona likizo iliyopita, siku ya bamvua, maji yalipokupwa kuliko kawaida. Kilikuwa kimesimama wima mahali pale pale, ncha imeelekea baharini, na ndani yake kaa mmoja mkubwa amejaa mpaka kwenye matundu ya kamba. Nilimchokoa kwa kijiti. Akaniinulia gando, hakutoka. Nikamzunguka kulia, nikamzunguka kushoto, yupo.

Nikamwacha. Huyo, mama mkwe angempa binti bila kuuliza.